Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua CT (transfoma za mkondo) za mita na za protekisheni (ulinzi)

Haya maswali nayajibu karibu kila wiki, mara kwa simu, mara kwa meseji ya sauti, na mara nyingi muulizaji yuko mbele ya paneli na fomu ya oda ishajazwa nusu. Nimeyaweka pamoja ili nisirudie. Namba za klasi (daraja la usahihi) zinafuata kanuni ya kimataifa IEC 61869-2, ile iliyochukua nafasi ya 60044-1. Wenye CT za mfumo wa Marekani nendeni swali la 13.

## Mwanzo mwanzo

1. CT inafanya nini hasa?

Transfoma ya mkondo inashusha mkondo mkubwa uwe mdogo wa kuweza kuingia kwenye mita au rilei (chombo kinachoamuru breka ikate panapotokea hitilafu) bila kuiunguza, na papo hapo inatenganisha vyombo vyako na volti ya laini. CT ya 400/5 maana yake zikipita ampia 400 praimari (upande wa laini), sekondari (upande wa mita) zinatoka 5. Zikipita 200, zinatoka 2.5.

Kinachochanganya watu ni kuifikiria kama transfoma ya volti. Mkondo wa praimari unaamuliwa na lodi, CT haina usemi hapo, inaupokea tu na kulazimisha sehemu yake itoke sekondari upende usipende. Ukishalielewa hilo, swali la 2 linajijibu lenyewe.

2. Kwa nini tunaambiwa tusifungue sekondari laini ikiwa hai?

Sekondari ikiwa imefungwa, mkondo wake unatengeneza sumaku inayopinga ile ya praimari, kwa hiyo kiini (chuma cha ndani) kinabaki na sumaku kidogo sana. Ukifungua, kile kipingamizi kimeondoka, mkondo wote wa praimari unageuka kuwa wa kusumakisha kiini, na kwenye teminali volti inaweza kuruka hadi maelfu.

Niliwahi kuwa mbele ya paneli ambayo jamaa alitoa mita ya zamani akasahau kufunga linki za shoti (vipande vya kuunganisha teminali za sekondari). Kilichoanza ni sauti, mngurumo kama nyuki wako ndani ya ukuta, halafu harufu ya vanishi ya moto, halafu vicheche vya bluu kwenye teminali bloki, na yeye bado ameshika waya wa pili anautafutia nafasi. Tukazima breka kuu. CT ile kwa nje ilionekana nzima kabisa, ila ilipopimwa ikakutwa mizunguko imeshikana ndani.

Kwa hiyo weka teminali zenye linki za shoti kwa kila CT, funga kwanza ndo ufungue mita, na fyuzi isiwekwe kabisa kwenye waya wa sekondari ya CT. Na CT iliyowahi kufunguka ikiwa na lodi ipimwe na iondolewe sumaku kabla hujaiamini tena, hata kama haikuungua.

3. Nichukue ya ampia 1 au ya 5?

Inategemea umbali. Chukua mita 50 za waya (mita za urefu, sio za kusomea) kutoka CT hadi rilei, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 100, upinzani wake ni kama omu 0.7. Kwa ampia 5 waya huo peke yake unakula 5 × 5 × 0.7, yaani VA (volti-ampia) 17.5. Kwa ampia 1 waya uleule unakula VA 0.7. Tofauti ni mara 25, na hiyo ndo hoja yote.

CT ikiwa ndani ya paneli moja na mita, ampia 5 haina shida. Ikiwa iko uwanjani na rilei iko chumba cha kontroli, chukua 1, usibishane. Ubaya wa ampia 1 ni mizunguko mingi zaidi, upinzani wa ndani unapanda, na ikifunguka volti yake ni ya juu zaidi. Na hakikisha mita au rilei yenyewe ni ya ampia hizohizo, maana nimeshaona CT za 1 zimefungwa kwenye mita za 5 na watu wanashangaa kwa nini bili imeshuka.

## CT za mita

4. Resho (uwiano, kama 400/5) nichague kwa kuangalia nini?

Angalia lodi, sio breka. Hili ndo kosa namba moja. Breka ni ya 1000, mtu anaandika CT 1000/5, halafu lodi ya kweli mchana ni 180 na usiku ni 40. Ampia 40 kwenye CT ya 1000 ni asilimia 4, na huko chini klasi 0.5 ya kawaida haikuahidi chochote (swali la 5). Mita itasoma, ndio, ila hakuna anayeweza kukuambia inakosea kiasi gani.

Mimi huchukua lodi ya juu ya kawaida na kupanda kidogo hadi resho ya karibu, kwa hiyo kwa 180 naweka 200/5, ikiwa hiyo lodi haitakua karibuni. CT ya kawaida inabaki ndani ya klasi hadi asilimia 120. Ukiona lodi itakua mara mbili baada ya muda, agiza yenye resho mbili, 200-400/5, au yenye uwezo ulioongezwa wa asilimia 150 au 200, na hilo lazima liandikwe kwenye oda maana halitokei lenyewe. Watu wanaongeza resho "kwa usalama", lakini kwenye kupima, ukubwa unakula usahihi, tena kimyakimya.

5. 0.5 na 0.5S zinatofautiana nini? Si zote ni 0.5?

Kwenye lodi kamili zinafanana, kosa lisizidi asilimia 0.5. Tofauti iko chini. Klasi 0.5 inaruhusiwa 0.75 kwenye asilimia 20 ya mkondo na 1.5 kwenye asilimia 5, chini ya hapo kimya. Klasi 0.5S inashika 0.5 kuanzia asilimia 20, 0.75 kwenye asilimia 5, na 1.5 hadi kwenye asilimia 1. Hadithi ni hiyohiyo kwa 0.2 na 0.2S. Kwa hiyo kama lodi yako inalala usiku na kuamka asubuhi, hiyo S ina thamani kuliko kuhama kutoka 0.5 kwenda 0.2.

Kuna kitu wengi wanakiruka, kosa la pembe. Klasi 0.5 inaruhusiwa kupotosha pembe hadi dakika 30 kwenye mkondo kamili, yaani nusu digrii. Inaonekana kitu kidogo. Lakini pawa fekta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) ikiwa 0.5, ile nusu digrii peke yake inaleta kosa la kama asilimia 1.5 kwenye nishati, mara tatu ya ile 0.5 uliyoinunua. Wenye mota nyingi zisizo na kapasita, hesabuni hilo.

6. Bedeni niandike VA ngapi? 15 si ndo salama?

Bedeni ni mzigo ambao CT inabeba upande wa sekondari, mita na waya. Ile 15 ilikuwa na maana enzi za mita za sumaku zilizokula VA kadhaa kila moja. Mita ya kielektroniki inakula sehemu tu ya VA moja.

Sasa, usahihi wa klasi unaahidiwa bedeni ikiwa kati ya asilimia 25 na 100 ya ile iliyoandikwa kwenye kibati (kile kibao cha vipimo kwenye CT). CT ya VA 15 inataka angalau 3.75. Wewe una mita ya VA 0.1 na waya wa mita 2, jumla haifiki hata moja. Uko nje ya ahadi, na kwa kuwa watengenezaji hupunguza mizunguko kidogo kufidia kosa, CT iliyobebeshwa kidogo sana huwa inasoma juu. Mteja analipia umeme ambao hajatumia. Fanya hesabu ya swali la 3, jumlisha mita, halafu agiza 2.5 au 5. Kama 15 ishafika na hairudishiki, kuna watu wanaongeza rezista ya kupandisha bedeni. Inafanya kazi, ila mimi siipendi, ni kiungo kingine cha kulegea.

7. FS5 kwenye kibati ni nini?

Inasema kiini kitashiba (hakitaweza kubeba sumaku zaidi) kabla mkondo haujazidi takriban mara 5 ya kawaida, ili wakati wa shoti mita isipate kipigo chote. Kwa CT ya mita tunataka ishibe mapema, ni kinyume kabisa na ya protekisheni. Ila FS5 ni kwa bedeni kamili. Ukibebesha kidogo, kushiba kunachelewa na FS halisi inapanda, hesabu yake ni ileile ya swali la 11.

8. Mita inasoma chini sana, CT imekufa?

Mara chache. Kwanza angalia namba yenyewe. Lodi ya fezi tatu iliyolingana, mita ikisoma theluthi moja ya inavyotakiwa, CT moja imegeuzwa: mbili zinajumlisha, moja inatoa. Ikisoma theluthi mbili, kuna CT moja linki ya shoti haikufunguliwa baada ya kazi, au waya wa volti wa fezi hiyo umechomoka. Ikisoma vitu visivyoeleweka vinavyobadilika na pawa fekta, CT ya fezi moja inaongea na volti ya fezi nyingine.

P ni teminali za praimari, S za sekondari: P1 ielekee kwenye chanzo, P2 kwenye lodi, S1 iingie mita. CT za zamani zimeandikwa K na L, za Marekani H1 na X1. Kama huamini maandishi, chukua betri ndogo na mita ya mshale: chanya kwenye P1, hasi kwenye P2, gusa mara moja. Mshale wenye chanya yake kwenye S1 ukiruka mbele wakati wa kugusa, alama ziko sawa. Hiyo ifanyike laini imezimwa, CT haijaunganishwa na kitu, na baadaye iondolewe sumaku (swali la 20).

## CT za protekisheni

9. 5P20 15 VA inasomekaje?

P ni protekisheni. 20 ni kikomo cha usahihi, mara ngapi ya mkondo wa kawaida. 5 ni asilimia ya kosa la jumla linaloruhusiwa pale kwenye mara 20, ikiwa na bedeni ya VA 15. Kwenye mkondo wa kawaida 5P inakosea hadi asilimia 1, na 10P hadi asilimia 3. Rilei ya ovakarenti (mkondo uliozidi) ya kawaida inaridhika na 10P, ila kwa vile bei haziachani sana wengi tunaandika 5P.

10. Naweza kutumia CT ya mita kwa rilei, au ya protekisheni kwa mita?

CT ya mita kwa rilei, hapana. Itashiba wakati wa folti (hitilafu kama shoti), yaani dakika ile unayoihitaji ndo itanyamaza, na rilei itaona mkondo mdogo au itachelewa. Ya protekisheni kwa ammita ya mlangoni, sawa. Kwa mita ya malipo, hapana, asilimia 1 kwenye lodi kamili ni nyingi na chini huko hakuna ahadi. Agiza CT moja yenye viini viwili, kila kimoja na sekondari yake, na kiini usichokitumia kifungwe shoti, kisiachwe wazi (swali la 2).

11. Nitajuaje hiyo 20 inatosha?

Hesabu. CT 400/5, 5P20, VA 15, upinzani wa ndani omu 0.2. Ndani inakula 5 × 5 × 0.2 = VA 5. Nje una waya wa milimita 4 za mraba umbali wa mita 10, kwenda na kurudi omu 0.0875, VA 2.2, na rilei VA 0.3. Jumla nje VA 2.5.

Kikomo halisi = 20 × (5 + 15) ÷ (5 + 2.5) = kama 53.

Folti yako ni ampia 12,000, ambayo ni mara 30 ya 400. Una 53, umepita vizuri, hata 5P20 ya VA 10 ingekutosha, kiini kidogo na nafasi kwenye paneli. Ndo maana nawaambia watu waombe upinzani wa ndani kwenye datashiti, bila hiyo namba unabahatisha.

12. PX ni ya nini na kwa nini haina VA?

Ni ya protekisheni ya kulinganisha, kama difarensho ya basibaa, pale ambapo CT za pande mbili lazima zifanane kama mapacha. Badala ya VA unaandika resho ya mizunguko, volti ya goti, mkondo wa kusumakisha kwenye goti, na upinzani wa ndani. Goti ni pale ukiongeza volti asilimia 10 mkondo wa kusumakisha unaruka asilimia 50, yaani kiini kimeanza kushiba. Resho ya mizunguko inaruhusiwa kukosea asilimia 0.25 tu.

Kwa difarensho ya impidansi ya juu, mfano: folti ya nje ya eneo linalolindwa ampia 10,000, CT 1000/1, sekondari inapata 10. Upinzani wa ndani omu 5, waya kwenda na kurudi omu 1. Volti ya kutulia (ambayo rilei isiitikie) ni 10 × 6 = 60. Goti lisipungue mara mbili yake, 120. Na usichanganye CT za watengenezaji wawili hapa hata kama kibati kinafanana.

13. Kibati kimeandikwa C200, hiyo ni nini?

Mfumo wa Marekani, IEEE C57.13. CT ya ampia 5 inaweza kutoa volti 200 kwenye teminali ikiwa na mara 20 ya mkondo, yaani ampia 100 kwenye omu 2, kosa lisizidi asilimia 10. Omu 2 kwa ampia 5 ni VA 50, kwa hiyo kwa kukadiria inakaribiana na 10P20 ya VA 50.

14. Nimehesabu kila kitu na CT bado inashiba mwanzo wa folti. Kwa nini?

Folti ikianza wakati mbaya wa wimbi, mkondo unakuja umeegemea upande mmoja, una sehemu ya DC inayofifia polepole, na hiyo inasukuma kiini kwenye kushiba mapema. Hali mbaya kabisa unazidisha kwa 1 + X/R (X ni riaktansi na R ni upinzani wa njia ya folti). Karibu na jenereta au transfoma kubwa X/R inaweza kuwa 20 na zaidi, kwa hiyo mara 53 za swali la 11 zinayeyuka. Rilei ya ovakarenti yenye kuchelewa inavumilia, ya difarensho na ya umbali hazivumilii. Fuata kanuni ya mtengenezaji wa rilei, ndo anajua algoritimu yake inahitaji milisekunde ngapi za mkondo safi. Kama breka inajirudisha yenyewe baada ya folti, sumaku iliyobaki inaongeza tatizo, na hapo angalia klasi PR, ambayo sumaku ya kubaki haizidi asilimia 10.

## Oda na mambo ya pembeni

15. Oda iandikweje ili nisirudishiwe maswali?

Mfano wa mita: *Resho 200/5, VA 5, klasi 0.5S FS5, kV 0.72, Hz 50, tundu la kupitisha kebo milimita 40.* Wa protekisheni ongeza mkondo wa kuvumilia shoti na muda wake, mfano kA 25 kwa sekunde 1. Wa kilele usipoandikwa unachukuliwa kuwa mara 2.5 ya huo. Ukiandika tu "CT 200/5", utaletewa iliyopo stoo.

16. Fida (laini ya kulisha lodi) ndogo ya ampia 50 lakini folti ni kA 20. Nifanyeje?

50/5 itaona mara 400, hamna kiini cha kawaida cha kubeba hiyo. Tenganisha: kiini cha mita 50/5, kiini cha protekisheni 400/5, halafu rilei ya kidijitali uiseti chini, maana nyingi zinashuka hadi sehemu ya kumi ya mkondo wa CT. Kwa 400/5 folti inakuwa mara 50, inashikika.

17. Nikipitisha kebo mara mbili kwenye tundu?

100/5 inakuwa 50/5, na klasi na VA zinabaki. Hesabu kebo inapita mara ngapi ndani ya tundu, sio mizunguko unayoiona nje. Andika kwa rangi kwenye CT yenyewe, anayekuja baada yako hatajua.

18. Zile CT zenye kiini cha kufunguka, za kuvisha kebo bila kuikata, ni mbaya?

Zina kiungo, na kiungo ni pengo la hewa, kwa hiyo usahihi unashuka na pembe inapotoka zaidi. Vumbi kidogo tu kwenye nyuso za kiini linatosha kuharibu. Kwa ufuatiliaji wa matumizi ni sawa. Angalizo: nyingi zinatoa milivolti 333, hizo haziingii mita ya ampia 5. Koili ya Rogowski nayo haina chuma, haishibi, lakini inahitaji intigreta yake.

19. CT ya ethi folti inayozunguka kebo nzima inatripu hovyo, au haitripu kabisa.

Asilimia kubwa ni waya wa ethi wa ama (deraya ya chuma inayozunguka kebo). Kama tezi ya kebo (kibano cha kushikia kebo inapoingia paneli) iko upande ambao ama imepita ndani ya CT, waya wake wa ethi lazima urudi ndani ya tundu kabla ya kwenda kwenye baa ya ethi, la sivyo CT inahesabu mkondo wa ama pia. Na sekondari yoyote iwe na ethi sehemu moja tu. Ukiweka mbili, mkondo unazunguka baina yake na rilei inauona.

20. Kibati kimefutika. Nitajuaje nina CT gani?

Pima upinzani wa ndani kwanza. Kisha praimari ikiwa wazi, ingiza volti ya AC taratibu kwenye sekondari, andika volti na mkondo hadi uone goti. Goti linakaribia kikomo × mkondo wa sekondari × (upinzani wa ndani + bedeni). Ile 5P20 ya swali la 11 bedeni yake ni omu 0.6, kwa hiyo 20 × 5 × 0.8 = volti 80. CT ya mita FS5 ya VA 5 yenye omu 0.1 ndani ingeshiba kwenye volti 7 hivi. Huwezi kuzichanganya.

Ukimaliza panda juu ya goti kidogo, halafu shusha polepole hadi sifuri bila kukata ghafla, hapo sumaku inatoka. Goti halikuambii klasi lakini, hiyo inataka kipimo cha resho na pembe. Kama sina kifaa hicho, CT ya namna hiyo siiweki kwenye mita ya malipo, naifunga kwenye ammita ya mlangoni na kuibandika karatasi yenye tarehe niliyoipima.